Fotogrametria: Kamera ya kawaida inavyohifadhi ushahidi wa akiolojia

UCHIMBAJI wa akiolojia huharibu kile unachokichunguza. Tabaka la udongo likishaondolewa kwa mwiko na brashi, hakuna awezaye kulirudisha lilivyokuwa. Kigae kilichookotwa bila kupimwa mahali kilipolala hubaki kigae tu. Hakiwezi tena kueleza kilizikwa pamoja na nini, wala kama kilitangulia au kilifuata sakafu iliyokuwa karibu nacho. Ndiyo maana thamani ya uchimbaji haimo katika vitu vinavyofikishwa makavazini pekee, bali pia katika kumbukumbu za vipimo zilizowekwa shimo lilipokuwa wazi.

Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zilitegemea utepe wa kupimia, timazi, penseli na karatasi ya miraba. Kuchora ukuta mmoja wa mawe, jiwe kwa jiwe, kunaweza kumaliza siku nzima, na kundi lenye fedha za wiki tatu halina siku nyingi za kutumia hivyo. Mashine zinazopima kwa miale ya leza zimeifupisha kazi hiyo, lakini hugharimu mamilioni ya shilingi, na ikiharibika moja mbali na mji, kazi husimama.

Fotogrametria ni elimu ya kupata vipimo kutokana na picha. Vifaa vyake vya lazima ni vichache: kamera, ubao wenye alama ambazo umbali baina yake unajulikana, na kompyuta. Kwa sababu hiyo imependwa na watafiti wasio na fedha nyingi. Hata hivyo, unafuu huo una masharti yake, na wengi huyatambua wakati shimo limekwisha kufukiwa.

Jinsi picha zinavyotoa vipimo

Mtu akiinua kidole mbele ya uso na kukitazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, kidole huonekana kuhama dhidi ya ukuta ulio nyuma yake. Akikisogeza karibu, kidole huhama zaidi. Kiasi hicho cha kuhama ndicho kinachoueleza ubongo umbali wa kitu. Fotogrametria hufuata kanuni hiyo hiyo, ila mahali pa macho mawili huwekwa picha nyingi zilizopigwa kutoka pande mbalimbali.

Programu ya kompyuta huanza kwa kutafuta katika kila picha maelfu ya vidoa vinavyotambulika: ncha ya kokoto, ufa katika chokaa, doa la mkaa. Kisha hulinganisha picha ili kujua ni kidoa kipi kinachojirudia wapi. Kutokana na ulinganisho huo hupiga hesabu ya mambo mawili kwa pamoja, yaani kamera ilisimama wapi kila ilipopiga picha, na kila kidoa kiko wapi katika nafasi yenye urefu, upana na kina. Matokeo yake ni wingu la nukta, ambalo hatimaye huunganishwa likawa umbo lenye sura na rangi za mahali penyewe. Kutokana na umbo hilo mtafiti anaweza kutoa ramani ya sakafu isiyopindwa na lenzi, kuchora mkato wa ukuta, au kukadiria ujazo wa udongo ulioondolewa.

Jambo moja kompyuta haiwezi kulijua kwa kutazama picha tu, nalo ni ukubwa. Umbo la chungu cha kiganjani na umbo la ngome huweza kuonekana sawa kabisa kwenye kioo cha kompyuta. Ni lazima pawe na kipimo cha kweli kilichowekwa ndani ya picha. Bila kipimo hicho, kazi yote ni sanamu ya kupendeza isiyoweza kupimwa.

Elimu hii si ngeni. Mnamo 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, akiwa kijana aliyetumwa kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar, aliponea chupuchupu kuanguka kutoka juu ya jengo hilo. Tukio hilo lilimtia wazo kwamba vipimo vingeweza kuchukuliwa kutoka kwenye picha, mpimaji akiwa chini salama. Jina la elimu hiyo lilichapishwa mwaka 1867, na mnamo 1885 Meydenbauer akawa mkuu wa taasisi ya serikali ya Prussia iliyopiga na kuhifadhi picha za majengo ya kale kwenye vioo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, picha za hifadhi hiyo zilitumika katika kujenga upya majengo yaliyobomolewa kwa mabomu.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, kusoma vipimo kutoka kwenye picha kulihitaji kamera maalumu na mitambo mizito iliyoendeshwa na wataalamu wachache. Mabadiliko yalikuja pale kompyuta zilipofundishwa kutambua vidoa vinavyofanana katika picha zilizopigwa kutoka pande tofauti. Njia mojawapo iliyotumika sana ilitangazwa na David Lowe wa Kanada mwaka 1999. Katika miaka iliyofuata 2010 programu za kazi hiyo zilienea hadi kwenye kompyuta za kawaida, na akiolojia ikawa miongoni mwa taaluma zilizozikimbilia kwanza.

Nyayo za Laetoli

Hakuna mahali katika Afrika Mashariki panapoonyesha safari ya elimu hii vizuri kama Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, katika eneo la hifadhi ya Ngorongoro. Miaka milioni 3.66 iliyopita, viumbe waliotembea kwa miguu miwili walikanyaga majivu ya volkano yaliyokuwa yamelowa. Majivu yakakauka, yakafunikwa na mengine, yakawa mwamba. Mnamo 1978 kundi lililoongozwa na Mary Leakey lilizifikia nyayo hizo katika sehemu ambayo wataalamu huiita G, na mwaka uliofuata ufukuaji wa njia hiyo, yenye urefu wa takriban mita 27, ulikamilishwa.

Tatizo lilikuwa dhahiri. Mwamba wa majivu ni dhaifu. Jua, mvua na miguu ya wanyama vingeufuta kwa muda mfupi. Nyayo zilichukuliwa nakala kwa kumiminiwa viowevu vinavyoganda, zikapigwa picha, kisha zikafukiwa kwa mchanga na mawe. Kutokana na jozi za picha za wakati huo, Michael Day na E. H. Wickens walitoa mwaka 1980 ramani za kontua za nyayo, sawa na zile zinazoonyesha milima na mabonde, isipokuwa hapa milima ilikuwa kingo za kisigino na mabonde yalikuwa alama za vidole. Ramani hizo ziliwawezesha watafiti waliokuwa mbali kujadili jinsi uzito wa mwili ulivyohama kutoka kisigino hadi kidole gumba, bila kugusa mwamba wenyewe.

Ufukiaji huo nao ulileta janga ambalo halikutarajiwa. Mbegu za migunga zilikuwa zimechanganyika na mchanga. Zikaota, na mizizi ikaanza kuelekea chini kwenye nyayo. Katika miaka ya 1995 na 1996 idara ya mambo ya kale ya Tanzania, ikishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani, iliifukua tena njia hiyo, ikaondoa mizizi na kuifunika upya kwa ustadi zaidi. Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town alikuwa miongoni mwa walioshughulikia upimaji kwa picha. Safari hii kumbukumbu zilikuwa na kazi nyingine pia: kuonyesha hali ya kila unyayo wakati ule, ili kizazi kitakachofukua tena kijue ni uharibifu upi ulikuwapo na upi umeongezeka.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2015. Mpango wa kujenga makavazi huko Laetoli ulilazimu yachimbwe mashimo ya majaribio ili kuhakikisha ujenzi hauangukii juu ya mabaki. Takriban mita 150 kusini mwa nyayo za Mary Leakey, mashimo hayo yalifichua nyayo nyingine katika sehemu iliyopewa jina S. Watafiti, wakiwemo Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki pamoja na wenzao wa Italia, walizipima kwa fotogrametria ya kidijitali: picha za shimo zima kwanza, kisha picha za karibu za nyayo moja moja. Taarifa yao ilitoka Desemba 2016 katika jarida la eLife, ambalo husomwa mtandaoni bila malipo. Nyayo 13 zilikuwa za kiumbe mmoja, na moja ilikuwa ya mwingine. Kwa kupima urefu wa nyayo na hatua, watafiti walikadiria kwamba yule wa kwanza alikuwa na kimo cha karibu sentimita 165, mrefu kuliko wote waliowahi kukadiriwa kutoka sehemu ya G.

Makadirio hayo yaliibua mjadala mkubwa kuhusu tofauti ya miili baina ya wanaume na wanawake wa jamii hiyo ya kale. Hoja yenyewe imesimama juu ya sentimita chache. Kama kipimo kilichowekwa ndani ya picha kina kosa la asilimia 5, unyayo wa sentimita 26 hupungua au kuongezeka kwa zaidi ya sentimita moja, na kimo kinachokadiriwa hubadilika kwa sentimita nane hivi. Hapa ndipo inapoonekana kwamba ubao wa vipimo, ambao ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, ndio unaobeba uzito wa hoja nzima.

Kazi shimoni

Mpimaji asiye na fedha nyingi hahitaji kamera ya kifahari. Kamera yenye lenzi isiyovuta wala kusukuma inatosha, na hata rununu nzuri inaweza kutoa kumbukumbu ya maana ikitumiwa kwa uangalifu. Lililo muhimu ni lenzi isibadilishwe katikati ya kazi, kwa maana kompyuta hujifunza tabia ya lenzi kadiri inavyosoma picha, na ukuzaji ukibadilika inabidi ianze upya.

Hesabu ya mwanzo ni rahisi. Chukua kamera ambayo kihisi chake kina upana wa milimita 23.5 na pikseli 6,000, yenye lenzi ya milimita 35. Ikishikwa mita 2 juu ya sakafu ya shimo, kila pikseli hufunika takriban milimita 0.22 za ardhi, na picha nzima hufunika upana wa mita 1.34 hivi. Kwa kuwa kila picha inapaswa kushirikiana na inayofuata kwa kadiri ya asilimia 80, mpigaji husogea sentimita 27 tu kabla ya kubofya tena. Kati ya mstari mmoja wa picha na mwingine, ushirikiano wa asilimia 60 unatosha. Shimo la mita 2 kwa 2 litakula picha kati ya 60 na 70 zinazotazama chini, mbali na zile za kuta. Kamera inaweza kufungwa kwenye ncha ya mti mwepesi na kubofywa kwa kipima muda. Ikumbukwe kwamba udogo wa pikseli si sawa na usahihi wa kipimo. Picha kali yenye vipimo vibaya hudanganya kwa ufasaha zaidi tu.

Kosa linalowapata wengi hutokana na kupiga picha zote zikitazama chini moja kwa moja. Kompyuta inapojaribu kukadiria upindaji wa lenzi kutokana na picha za namna hiyo peke yake, hukosea kidogo, na sakafu iliyokuwa tambarare hujikunja kama bakuli au hubinuka kama mgongo wa kasa. Mike James na Stuart Robson walieleza kosa hili kwa kina mwaka 2014. Dawa yake haina gharama: baada ya mistari ya kawaida, mpigaji huzunguka shimo na kupiga picha za mshazari zinazoelekea katikati. Picha 30 au 40 za aina hiyo huokoa kazi nzima.

Mwanga nao ni adui. Jua la saa sita hutupa kivuli kikali kinachohama kadiri kazi inavyoendelea, na kompyuta hukidhani kivuli kuwa sehemu ya udongo. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, jioni, au siku ya mawingu. Ikishindikana, watu wawili hushika turubai juu ya shimo ili pote pawe na kivuli kimoja. Mwanga wa kamera yenyewe uzimwe. Nyasi zinazoyumba, majani na watu wanaopita hutia kelele katika hesabu, kwa hiyo usafi wa shimo si urembo bali ni sehemu ya upimaji.

Kuhusu vipimo, mbao mbili zenye alama ni bora kuliko moja. Moja huipa kompyuta ukubwa. Nyingine huachwa nje ya hesabu na kutumiwa kukagua jibu. Kama umbali wa alama za ubao wa pili ni milimita 500 na umbo linasema 503, mtafiti anajua kosa lake ni kiasi gani na anaweza kuliandika katika ripoti. Ni ajabu kwamba ripoti nyingi zenye picha za kuvutia hazitaji takwimu hiyo moja.

Kwa eneo kubwa, mbao hazitoshi. Panahitajika nukta thabiti pembezoni na katikati, angalau tatu na afadhali zaidi ya tano, ambazo mahali pake pamepimwa kwa njia nyingine. Pasipo na mtambo wa upimaji ardhi, utepe wa kupimia unaweza kutoa umbali baina ya nukta zote, nalo bomba la plastiki lililojazwa maji, ambalo mafundi wa ujenzi hulitumia kusawazisha msingi, hutoa tofauti za kimo kwa usahihi unaotosha mahitaji mengi. Nukta hizo zikiwekwa kwenye saruji, zitatumika pia mwaka ujao.

Kompyuta na gharama iliyofichika

Programu zipo za kulipia na zisizolipiwa. MicMac iliyotengenezwa na taasisi ya ramani ya Ufaransa, Meshroom, na COLMAP hupatikana bure. CloudCompare, nayo ya bure, hutumika kulinganisha maumbo mawili na kupima tofauti zake. Programu za bure aghalabu hudai subira na ujuzi zaidi, na baadhi yake huhitaji kadi maalumu ya michoro ndani ya kompyuta. Akiba ya fedha hapa hulipwa kwa muda.

Umeme ndio kikwazo cha kweli. Kuchakata picha 150 kwa ubora wa juu kunaweza kuchukua usiku kucha kwenye kipakatalishi cha kawaida, na kambini penye paneli moja ya jua usiku huo haupo. Utaratibu wa busara ni kuchakata kwa ubora wa chini jioni ile ile, ili kujua tu kama picha zote zimeungana na hakuna pengo. Ubora wa juu unaweza kusubiri mjini. Pengo likigunduliwa jioni, kesho yake shimo bado liko wazi. Likigunduliwa baada ya mwezi, limeshapotea.

Aidha, picha haziondoi haja ya penseli. Anayechora mkato wa udongo hulazimika kuamua tabaka moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi; huugusa udongo, huulowesha, huulinganisha. Kamera haifanyi uamuzi wowote. Makundi yaliyoacha kuchora kabisa yamejikuta na maumbo mazuri ya kuta ambazo hakuna aliyezisoma. Njia iliyo bora ni kuchapisha picha iliyonyooshwa, kurudi nayo shimoni, na kuchora mipaka ya matabaka juu yake ukuta ukiwa mbele ya macho.

Kuta zinazosimama bado

Mbinu hii haihusu mashimo pekee. Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, iliyoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika, zenye unene wa kati ya mita moja na tatu. Ukuta wa aina hiyo hauporomoki ghafla bila dalili. Hutokeza tumbo kidogo kidogo, jiwe moja likisukuma jingine. Macho hayaoni mwendo wa sentimita mbili kwa mwaka, lakini maumbo mawili yaliyotengenezwa kutokana na picha za mwaka huu na za mwaka ujao, yakilinganishwa kwa nukta zile zile za saruji, huuonyesha. Na ukuta ukianguka, umbo la awali humwonyesha fundi kila jiwe lilikaa wapi. Hali ni kama hiyo kwa magofu ya pwani yanayoliwa na mawimbi na mizizi, ambako mlinzi wa eneo mwenye rununu na ratiba anaweza kufanya zaidi ya msafara unaofika mara moja kwa miaka kumi.

Wapo wanaodhani kwamba droni hurahisisha yote. Kweli hupima eneo pana kwa dakika chache, lakini nchini Kenya urushaji wake unasimamiwa na kanuni za mwaka 2020 na unahitaji idhini, sawa na vile uchimbaji wenyewe unavyohitaji leseni chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Mti mrefu wenye kamera juu hauhitaji idhini ya anga.

Linalobaki ni faili zenyewe. Picha 150 zisizobanwa, kila moja ikiwa na megabaiti 25, hujaza karibu gigabaiti 4, na msimu mmoja wa kazi hujaza diski nzima. Misafara mingi huondoka na diski hiyo kwenda ng'ambo, na makavazi ya nchini huachiwa ripoti yenye picha chache. Makubaliano ya kutoa nakala yanafaa kutiwa sahihi kabla ya mwiko wa kwanza kugusa udongo. Kinachopaswa kuachwa si umbo lililokamilika tu, bali picha za asili, kwa kuwa programu za miaka ijayo zitaweza kuzichakata vizuri zaidi. Pamoja nazo iwepo karatasi ya kawaida yenye tarehe, namba ya shimo, aina ya kamera na lenzi, na umbali kamili baina ya alama za ubao, kwa milimita.